Kokoto, mawe ya volkeno au matofali? Jinsi ya kuteua kijazio cha kitalu cha samaki na mboga Kisii na Nyamira

KATIKA kaunti za Kisii na Nyamira, uhaba wa ardhi si habari ngeni. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576. Kwa wastani, kila kilomita mraba ya Kisii ilikuwa na watu 957, ilhali ile ya Nyamira ilikuwa na watu 675. Shamba ambalo babu aliwagawia wanawe, nao wakawagawia wana wao, leo halitoshi migomba, mahindi, majani chai na lishe ya ng'ombe kwa pamoja.

Ufugaji wa samaki nao si jambo geni. Katika mwaka wa fedha wa 2009/2010, serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 nchini, yakiwemo ya Gusii. Hata hivyo, kidimbwi cha mita mraba 300 ni anasa kwa mwenye robo ekari. Ndiyo maana baadhi ya familia zimeanza kuutazama mfumo wa akwaponiki, ambapo samaki hufugwa katika tangi na maji yao yakanywesha mboga katika kitalu kisicho na udongo, kisha yakarejea kwa samaki yakiwa safi.

Swali la kwanza ambalo huwatatiza wanaoanza ni hili: ikiwa kitalu hakina udongo, kijazwe nini? Jibu la swali hilo huamua iwapo mfumo utadumu miaka au utaanza kunuka baada ya miezi michache. Makala haya yanalinganisha vijazio vinavyoweza kupatikana na mkazi wa Gusii, uzuri wa kila kimoja na kasoro zake.

Kazi ya kijazio

Kijazio ni kitu chochote kigumu kinachojazwa katika kitalu badala ya udongo. Kina kazi tatu. Kwanza, hushikilia mizizi ili mmea usianguke. Pili, hunasa kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, mithili ya chujio. Tatu, na hili ndilo kubwa, huwa makao ya bakteria.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Amonia ikizidi huwa sumu kwa samaki mwenyewe. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni hatari, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni mbolea kwa mboga. Bakteria hao hawaelei majini tu, bali hujibandika juu ya mawe. Kwa sababu hiyo, kila kijazio hupimwa kwa ukubwa wa uso wake, yaani jumla ya nyuso za vipande vyote vilivyomo katika mita moja ya ujazo.

Kwa mawe ya volkeno yenye vitundu, uso huo hukadiriwa kuwa mita mraba 300 hadi 400 katika kila mita ya ujazo. Vidonge vya udongo uliookwa kiwandani vina 250 hadi 300, pumisi 200 hadi 300, na kokoto za mawe ya chokaa 150 hadi 200. Vifuniko vya chupa za plastiki vina 50 hadi 100 pekee.

Mtu akizitazama tarakimu hizo huenda akadhani kwamba mwenye uso mkubwa ndiye mshindi. Sivyo. Chukua mfano wa kitalu kidogo cha nyumbani chenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha sentimita 30. Kitalu hicho cha mita mraba 2 kikikuza mboga za majani huhitaji gramu 80 hadi 100 za chakula cha samaki kwa siku. Gramu 100 za chakula chenye protini ya asilimia 32 huzalisha takriban gramu 3.7 za amonia. Katika joto la kufaa, kila mita mraba ya uso wenye bakteria huweza kuondoa kiasi cha gramu 0.57 kwa siku. Hivyo basi, kinachohitajika ni uso wa mita mraba 7 hivi.

Kitalu hicho kina ujazo wa mita 0.6. Kikijazwa hata vifuniko vya chupa, uso utakuwa mita mraba 30 au zaidi. Kikijazwa mawe ya volkeno, utapita mita mraba 180. Kwa maneno mengine, karibu kila kijazio kina nafasi ya kutosha kwa bakteria. Mambo yanayotenganisha kijazio kizuri na kibaya katika mfumo wa nyumbani ni mengine: athari yake kwa asidi ya maji, wepesi wake wa kuziba, uzito wake, na gharama ya kukifikisha Ogembo, Keroka au Ekerenyo.

Kokoto za kawaida

Kokoto ndizo zilizo karibu zaidi. Miamba ya nyanda za Gusii ni pamoja na basalti, rayolaiti na kwatzaiti, na mawe ya aina hizo yanapopondwa hayabadilishi maji. Kila soko lina mahali zinapouzwa kwa ujenzi, na gharama ya usafiri ni ndogo.

Kasoro ya kwanza ni uzito. Mita moja ya ujazo ya kokoto ina uzito wa tani moja na nusu hivi. Kitalu cha mfano wetu kitabeba karibu kilo 900 za mawe, kabla ya kuongeza maji yanayoweza kufika lita 250 kitalu kinapojaa. Meza ya mbao za mikaratusi iliyopigiliwa misumari haiwezi kustahimili mzigo huo kwa muda mrefu. Ni bora kitalu kikae juu ya matofali ya saruji yaliyopangwa kwenye ardhi iliyosawazishwa, na tangi la samaki lifukiwe kiasi ili maji yashuke yenyewe.

Kasoro ya pili ni vumbi na kingo kali. Kokoto za mashine huja na unga mwingi ambao usipooshwa hugeuka tope chini ya kitalu. Zioshwe hadi maji yatoke meupe. Ukubwa unaofaa ni milimita 8 hadi 20. Zilizo ndogo kuliko hapo huziba, na zilizo kubwa kupita kiasi huacha mianya inayokausha miche.

Mawe ya chokaa: dawa ndogo, chakula kibaya

Si kila kokoto hutoka Gusii. Baadhi ya malori huleta mawe kutoka kaunti jirani, na eneo la Koru katika Kaunti ya Kisumu linajulikana kwa machimbo ya chokaa. Mawe ya chokaa huyeyuka polepole na kupandisha pH ya maji. Mboga za akwaponiki hustawi pH ikiwa kati ya 6 na 7. Ikipita hapo, madini ya chuma huwa hayafyonzwi na mizizi, na majani machanga hugeuka manjano hata kama samaki wanalishwa vyema. Aidha, amonia huwa sumu kali zaidi kadiri pH inavyopanda.

Kuna jaribio rahisi ambalo kila mnunuzi anapaswa kulifanya kabla ya kulipia lori. Chukua mawe machache, yaoshe na kuyakausha, kisha yamwagie siki. Yakitoa povu na vipovu vidogo, yana chokaa. Yasipotoa, yako salama. Jaribio hilo hugharimu chupa moja ya siki na dakika tano.

Hata hivyo, chokaa si adui wakati wote. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye mapaa ya mabati ni maji laini, yasiyo na madini ya kuzuia asidi. Kazi ya bakteria yenyewe huzalisha asidi kila siku. Matokeo ni kwamba, katika mfumo unaotegemea maji ya mvua, pH huelekea kushuka hadi chini ya 6, na bakteria wakapunguza kazi. Dawa ni kutia konzi chache za mawe ya chokaa katika mfuko wa wavu na kuuning'iniza ndani ya tangi, kisha kuuondoa pH inapofika mahali pake. Mfuko unaweza kuondolewa wakati wowote, lakini kitalu kizima cha chokaa hakiondoleki.

Mawe ya volkeno na pumisi

Mawe mekundu au meusi ya volkeno yenye vitundu husifiwa na wataalamu wengi. Ni mepesi kuliko kokoto, hayabadilishi pH yakiwa yameoshwa, na vitundu vyake huhifadhi unyevu kiasi. Pumisi ni nyepesi zaidi, kiasi kwamba vipande vikavu huelea mara ya kwanza, na mashamba ya maua ya Naivasha yamekuwa yakiitumia kukuzia maua bila udongo.

Tatizo ni masafa. Mawe haya hutoka Bonde la Ufa, hasa pande za Naivasha na Longonot. Kuyafikisha Kisii ni safari ya kupitia Nakuru na Kericho, na gharama ya lori mara nyingi huzidi bei ya mawe yenyewe. Kwa mtu mmoja anayehitaji magunia machache, hesabu haikubali. Kwa kikundi cha majirani kumi wanaochangia lori moja, inaweza kukubali. Pia kuna njia ya katikati: kujaza kokoto za nyumbani na kutandaza tabaka la sentimita 10 la mawe ya volkeno juu, mahali penye mizizi mingi.

Vipande vya matofali na vigae

Katika mabonde mengi ya Gusii, matofali huchomwa kwa tanuri za kuni, na kila tanuri huacha rundo la yaliyovunjika. Vipande hivyo vina vitundu, hunywa maji na kuyahifadhi, na ni vyepesi kuliko kokoto. Kwa mwenye fedha kidogo, huenda hiki ndicho kijazio cha karibu zaidi na vidonge vya udongo uliookwa vinavyouzwa ghali kutoka nje ya nchi.

Lakini kuna masharti. Tofali ambalo halikuiva hurudi kuwa udongo likikaa majini, na udongo huo ndio utakaoziba mabomba. Ligonge kwa jiwe: lililoiva hulia kama chungu, lisiloiva hutoa sauti ya kufa. Loweka vipande kadhaa katika ndoo kwa wiki moja. Maji yakibaki safi na vipande vikiwa vigumu, vinafaa. Kataa matofali yaliyobomolewa kutoka kwa ukuta wenye saruji, kwa maana saruji, sawa na chokaa, hupandisha pH. Mwisho, yavunje kwa ukubwa wa kokoto na kuyachekecha, kwani nyundo huzalisha unga mwingi.

Mchanga

Mchanga una historia yake. Katika miaka ya 1980, Mark McMurtry wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina nchini Marekani alionyesha kwamba maji ya tilapia yanaweza kunywesha nyanya na matango katika vitalu vya mchanga. Mfumo wake ulikuwa chanzo kimojawapo cha akwaponiki ya nyumbani.

Hata hivyo, mchanga unaofaa ni ule mkubwa uliooshwa sana, na samaki wawe wachache. Mchanga laini unaochotwa kando ya mito kama vile Gucha huwa umechanganyika na tope. Kinyesi kikiingia humo, njia za maji hufungika. Kwa anayeanza, mchanga ni hatari isiyo ya lazima.

Mawe ya sabuni ya Tabaka

Wengi hujiuliza kuhusu mabaki ya mawe ya sabuni, ambayo hutapakaa Tabaka na viunga vyake kila mahali wachongaji wanapofanya kazi. Je, hayawezi kujazwa kitaluni bila gharama?

Jiwe la sabuni ni laini. Hukwaruzwa kwa ukucha au kisu, na ndiyo sababu huchongeka. Sifa hiyo hiyo huliharibia jina kama kijazio, kwa kuwa vipande vyake husagika vikisuguana na kutoa unga mwororo unaotuama kama tope. Tena hayana vitundu, na mengine huweza kuwa na chembe za kabonati. Vumbi lake halifai kuvutwa puani wakati wa kuyaponda. Asiyekuwa na jingine anaweza kutumia vipande vikubwa vigumu kama tabaka la chini, baada ya jaribio la siki na kuoshwa mara nyingi, lakini yasiwe kitalu kizima.

Makumbi ya nazi, maranda na vifuniko vya chupa

Makumbi ya nazi hutoka Pwani na huuzwa yakiwa yameshindiliwa katika matofali makavu. Huhifadhi maji vizuri mno na yanafaa kuoteshea miche. Katika kitalu kinachojaa na kukauka mara nyingi kwa siku, hulowa kupita kiasi, hutoa rangi ya kahawia mwanzoni, na huoza baada ya misimu kadhaa.

Maranda ya mbao na maganda ya mpunga yasitumiwe. Yanapooza hunyang'anya maji hewa ya oksijeni na kuziba kila kitu.

Vifuniko vya chupa za plastiki ni vyepesi, havigharimu kitu na havibadilishi pH. Udhaifu wake ni kwamba huelea, havishikilii mizizi imara na havihifadhi unyevu. Vinafaa zaidi katika pipa la chujio kuliko kitaluni penyewe.

Baridi na mwinuko

Hapa ndipo mkazi wa Gusii anapaswa kuwa makini na ushauri unaoandikwa kwa ajili ya nchi za joto. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Nyamira, hasa Borabu, ziko juu zaidi. Tilapia hukua vyema maji yakiwa na nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi. Bakteria wa nitrati nao hupenda nyuzi 17 hadi 34, na chini ya 17 kazi yao hupungua. Katika usiku wa Julai huko Nyansiongo, kitalu kifupi kilichojaa mawe hupoa upesi, na kila maji yanapopita humo hurudi kwa samaki yakiwa baridi zaidi.

Aidha, katika mwinuko wa mita 1,700, maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja kwa tano yakilinganishwa na ya Pwani yenye joto sawa.

Mambo matatu yanafuata kutokana na hayo. Kwanza, funika kitalu na tangi kwa nailoni angavu ya kivungulio, na upunguze kujaza kitalu usiku wa baridi, mradi pampu ndogo ya hewa iendelee kuwapa samaki pumzi. Pili, usizidishe kilo 20 za samaki katika lita 1,000 za maji, na anayeanza ni heri abaki na nusu ya hizo. Kambare huvumilia upungufu wa oksijeni kuliko tilapia. Tatu, uwe mvumilivu mwanzoni. Bakteria huhitaji wiki tatu hadi tano kuenea, na penye baridi huweza kuchukua miezi miwili. Aliyenunua vifaranga mia moja siku ya kwanza atawaokota wakielea.

Kitalu kinapoziba

Kifo cha mifumo mingi ya nyumbani hakiletwi na uchache wa bakteria bali na uchafu. Dalili ni maji kushuka polepole, harufu ya mayai yaliyooza, majani kunyauka ingawa maji yapo, na samaki kutwetea juu ya maji alfajiri.

Kinga ni nyepesi kuliko tiba. Weka pipa dogo la kutuliza uchafu kati ya tangi na kitalu, na ulifungue kila siku chache. Tope lake ni mbolea njema kwa migomba. Tia minyoo myekundu katika kitalu ili ile mabaki. Acha sentimita 2 hadi 5 za juu zikae kavu wakati wote ili kuvu na mwani visiote. Unapong'oa sukuma wiki iliyozeeka, toa na mizizi yake. Kitalu kikihitaji kuoshwa, tumia maji ya tangi lenyewe. Maji ya mfereji yenye klorini huua bakteria, na yanapotumiwa kujazia tangi yaachwe wazi kwa siku moja au mbili kwanza.

Kukatika kwa umeme nako ni sehemu ya hesabu. Pampu ya wati 30 inayofanya kazi usiku na mchana hula uniti 22 hivi kwa mwezi. Stima zikipotea, kitalu cha kokoto hubaki na unyevu kwa saa kadhaa na mboga haziathiriki upesi, lakini samaki waliosongamana hawana saa nyingi. Familia isiyo na betri ya akiba ipunguze samaki, si mawe.

Uamuzi

Kwa muhtasari, mkazi wa Kisii au Nyamira anayeanza na kitalu kimoja anashauriwa kutumia kokoto za miamba ya nyumbani, za milimita 8 hadi 20, zilizopita jaribio la siki na kuoshwa barabara. Penye uwezo wa kuchangia usafiri, mawe ya volkeno ni bora zaidi, hasa kitalu kinapokaa juu ya meza. Asiye na fedha za lori lolote achague vipande vya matofali yaliyoiva. Mchanga laini, mawe ya sabuni yaliyosagika, maranda na kokoto zenye chokaa viachwe.

Kuhusu mboga, managu, ambayo Abagusii huyaita rinagu, na saga, yaani chinsaga, hufaa kujaribiwa kando ya sukuma wiki, kwani hutaka nitrati nyingi na soko lake liko mlangoni. Nyanya na pilipili hoho zingoje hadi mfumo ukomae.

Tena ieleweke kwamba akwaponiki haichukui nafasi ya shamba. Kitalu cha mita mraba 2 hakiwezi kulisha ukoo. Kinachoweza ni kuipa familia mboga za wiki na samaki wa mara kwa mara kutoka pembe ya ua ambayo haikuwa ikizalisha chochote. Ili iwe hivyo, gharama kubwa ya kwanza isizikwe katika mawe yasiyofaa, maana kuyaondoa kilo 900 kwa mikono, huku samaki wakingoja ndani ya beseni, ni kazi ambayo hakuna anayetamani kuifanya mara mbili.